Moto Mmoja, Familia Tatu

Walisema nitarudi kulima viazi. Walisema diploma ya kuchora ramani haina kazi mahali ambapo mtu anaijua njia kwa kuuliza ni askari gani wako kwenye kizuizi leo. Jirani yetu mwenye duka, hapa Butembo, alinisimamisha mbele ya watu: "Alors, Monsieur Diplôme! Ramani yako inaweza kusimamisha bunduki?" Wakacheka. Nilisoma ng'ambo ya mpaka kwa kubeba magunia sokoni. Hakuna mjomba aliyenilipia. Nikawaacha wacheke. Muda si mrefu nikapata kazi katika ofisi ya misaada, na mjini kote ni mimi peke yangu niliyeijua programu yao ya ramani. Nasema hivyo bila haya.

Vita vilikuwa vimewasukuma watu wa mji wa Kayna, kusini, hadi kwetu. Kwetu aliyekimbia halali kwenye hema. Anapokelewa nyumbani, anakaa kwenye moto wa mwenyeji wake, na chungu kinakuwa kimoja. Kwa mama zilikuja familia mbili. Pamoja na sisi, tatu.

Ofisini nilipewa matabaka mawili ya ramani niyaunganishe, vijiji vya upande wa Beni na vya upande wa Butembo, ili ijulikane mablanketi yapelekwe wapi na mangapi. Wa Beni walikuwa wameiita safu yao ya hesabu "ménages", yaani familia. Wa kwetu waliandika "feux", mioto ya jikoni, maana huku nyumba zilihesabiwa hivyo. Programu haiunganishi safu zenye majina tofauti. Upande wote wa Butembo ukatoka mtupu, kama vile huku hakuna anayeishi.

Mkuu wangu, ofisa aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, alisimama nyuma ya kiti changu.

"Badilisha jina ya safu, inaisha. Unangojea nini?"

"Chef, haiko kitu moja. Kwa mama yangu moto iko moja, lakini familia tatu banakulaka pale."

"Nyinyi ba diplômés, munapendaka maneno. Sogea."

Akabadilisha mwenyewe. Ramani ikajaa rangi nzuri.

Malori yalipopanda kutoka Beni, kila moto ulipewa mablanketi ya familia moja. Baridi ya Butembo haijali rangi za ramani. Watoto wa Kayna walikohoa, mama akawapa hata kanga zake. Nikaingia mtaani kuazima mablanketi, kwa walewale walionicheka. Mwenye duka alinirushia moja juu ya kaunta.

"Chukua. Diplôme haifunikake mutu."

Nikalichukua.

Jumapili baada ya misa nikamwalika mkuu kula kwetu. Alikuja amevaa koti. Mama akaweka ugali wa fufu na mboga ya sombe kando ya moto, na watu wakaanza kutoka vyumbani, wakakaa, wakazidi kutoka, hadi mkuu akasogea na kiti chake ukutani.

"Hawa bote ni ba hapa?"

"Moto moja, Chef."

Hakumaliza fufu yake.

Kesho yake aliniruhusu kufanya nilichotaka tangu mwanzo. Nilipita na makarani moto kwa moto, tukiuliza ni familia ngapi zinakula hapo. Nikaongeza safu mpya, nikaijaza idadi ya familia badala ya mioto, ndipo nikaipa jina lile la Beni. Matabaka yakashikana. Kazi ile hakuna mwingine mjini angeiweza. Mkuu aliweka saini yake chini ya ramani. Jina langu halikuwekwa popote, na wageni waliokuja kuitazama walimpa yeye mkono.

Malori yakapanda tena. Safari hii kila familia ya Kayna ilipata mablanketi yake.

Siku iliyofuata nilibeba yale ya kuazima, nikapita nayo mlango kwa mlango. Mwenye duka alilikunjua lake, akalinusa, akaliangalia juani pembe zote nne.

"Mulifula?"

"Na sabuni."

"Bon."

Sikumwambia asante. Kufikia jioni hapakuwa na mtu mtaani aliyenidai hata blanketi moja.