Taya la Yeshimebet Lilipogoma

Yeshimebet aliwahi kuongea na nusu ya Addis Ababa. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye swichibodi ya simu akiunganisha watu, na sauti yake ilijulikana hadi Dessie. Tangu alipostaafu na kumzika mumewe, siku ziliweza kupita hajafungua mdomo ila kumfukuza paka wa jirani. Binti yake aliyeko Toronto alipiga simu kila Jumapili, dakika kumi.

Taya lilianza kwa kutoa mlio upande wa kulia kila alipotafuna, kisha maumivu yakapanda hadi kwenye paji la uso. Daktari wa meno aling'oa gego lisilo na kasoro, maumivu yakabaki palepale. Asubuhi moja, tonge la injera likiwa mkononi, mdomo ukagoma kabisa; hata kidole kimoja kilipenya kwa shida.

Ndipo akaelekezwa kwa Surafel, kijana mtaalamu wa viungo mwenye kliniki kule Piassa. Surafel alivaa glovu, akaweka dole gumba juu ya magego ya chini, akalikandamiza taya polepole huku akilivuta mbele. Mkono wa pili ulikishika kichwa chake. Kisha akaukanda msuli wa shavu, uliokuwa mgumu kama kokoto. Machozi yakamtoka Yeshimebet, na si kwa maumivu tu. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumgusa uso.

"Mama, unauma meno mchana kutwa. Umemkasirikia nani?"

"Nimkasirikie nani, mwanangu? Nyumbani hakuna mtu."

Akamfundisha: ulimi juu, midomo imefungwa, meno yasigusane. Kila Jumatano alirudi. Kufikia wiki ya sita vidole vitatu viliingia kinywani bila taabu, na maumivu yakaisha. Yeshimebet hakusema. Wiki ya saba na ya nane aliendelea kushika shavu na kuguna.

Wiki ya tisa Surafel hakuvaa glovu.

"Mama, msuli umelainika, na taya linateleza kama jipya. Unaumwa wapi?"

"Hapa," akagusa shavu la kulia.

"Wiki iliyopita ilikuwa kushoto."

Yeshimebet aliona haya, akainamia viatu vyake. "Mbaya wewe," akasema, "unakumbuka kila kitu."

Surafel akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kuna mwingine anasubiri, Mama. Ukiumwa kweli, uje." Akambusu mashavuni kama desturi ya kuagana, kulia, kushoto, kulia, akamfungulia mlango.

Jumatano iliyofuata alijitanda shela yake nyeupe, akateremka hadi kwenye lango la kliniki. Mlinzi akamsalimu.

"Leo una miadi, Mama?"

"Hapana. Napita tu."

"Basi jikinge humu kibandani, mvua yenyewe hii!"

Wakasimama humo wakizungumzia mvua, mpaka mvua yenyewe ikaisha na maneno yakaisha. Akaaga, akapandisha mlima kurudi nyumbani. Jumatano ya baada ya hapo hakwenda tena.