Mashine ya Bei ya Ng'ombe na Kaseti ya Msichana Wangu

Mashine ya kwanza ya michezo ya TV ilikataa kufunguka mlango. Kijana wangu aliileta hapa kwangu Thika, ndogo hivi, ungedhani ni kipande cha sabuni. Mimi nilikuwa nimeshatoa kaseti ya mchezo kwenye sanduku la bati, pale tunapoweka hati ya shamba, nikaishika tayari.

"Mami, ngoja kidogo," akasema. Akajaribu na ukucha. Akajaribu na kisu cha mboga. Kumbe mlango ni wa kuchorwa tu. Michezo iliwekwa ndani huko kiwandani, na kaseti yako haina pa kuingia.

"Sasa wameitengenezea uso bila mdomo?" nikamuuliza. Akairudisha kwenye boksi lake.

Hiyo kaseti ilikuwa ya dada yake. Baba yao alikuwa dereva wa mzungu mmoja wa kiwanda, na yule mzungu alipohama alituachia mashine ya kuchezea kwa TV. Majina ya watu wa nyumba ile ninayo kichwani mpaka leo, hata la mbwa, lakini hapa sitataja la mtu. Msichana wangu alicheza mchezo mmoja, wa mtu mdogo mwenye upanga, mpaka akaugua. Siku aliyopelekwa hospitali aliniambia, "Mami, mtu asiguse, niko karibu kumaliza." Hakurudi. Baadaye stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikachoma mashine. Kaseti ilikuwa nje, ikapona.

Fundi wa redio hapa mjini alinieleza kwamba ndani kuna betri ndogo kama kifungo cha shati, na ndiyo inashika pale alipofika. Ikiisha, basi. Na ukiibadilisha, kila kitu kinafutika. Kwa hivyo miaka hii yote nilikuwa nimefunga kwa leso kitu ambacho sikujua kama bado kiko.

Mashine ya pili kijana wangu aliagiza ng'ambo. Hiyo ilikuwa ya chuma, nzito, imefanana na ile ya zamani mpaka rangi ya vifungo, na mdomo wa kweli. Mke wake aliichukia.

"Hiyo ni bei ya ng'ombe wa maziwa," aliniambia nilipofika kwao Gatongora, Ruiru, Jumapili baada ya kanisa. "Na tena haina hata mchezo mmoja ndani! Shosho, ng'ombe anakuja na maziwa yake." Huniita Shosho, yaani nyanya, kama watoto wake.

"Mama watoto, leo tu," kijana wangu akamwambia. "Leo tu usiseme kitu."

Nilitoa kaseti kifuani. Akaisukuma ndani, akawasha. TV ikawa nyeusi. Tukangoja. Ikabaki nyeusi.

"Imeisha," nikasema, nikakaa.

"Bado, Mami." Akaitoa. Msichana wake mdogo akataka kuipuliza kama baba yake na shangazi yake walivyokuwa wanafanya zamani, na baba yake akamkatiza kwa sauti: mate yanaleta kutu. Akasugua meno ya kaseti kwa pamba na spiriti, polepole, jasho likimtoka puani. Akairudisha.

Muziki ukalia. Huo muziki niliusikia nikipika, nikifua, nikimwita msichana wangu akule na hataki. Kisha ikaja orodha ya nafasi tatu za kuweka mchezo, na ya kwanza ilikuwa na herufi tano. Mimi nilisoma kidogo sana, lakini herufi za watoto wangu ninazijua.

"Haiya! Ni mimi!" mjukuu akapiga kelele. "Dadi ameniandika!" Na kabla mtu hajafungua mdomo akabonyeza, akaingia.

Sasa, huyu mtoto amepewa jina la shangazi yake, vile desturi yetu inataka. Mimi humwita msichana wangu, na hakuna anayeshangaa. Angejuaje kwamba hapo si yeye?

Kijana wangu akarukia waya wa stima. Nikamshika mkono.

"Usizime! Fundi alisema ukizima ikiwa inafanya kazi inaweza kuharibika!"

"Mami, akisevu, atasevu juu ya dada!"

Mtoto akaanza kulia, vidole bado vimeshika vifungo. Kwenye TV mtu mdogo alikuwa amesimama mbele ya daraja, upanga mkononi, akipumua.

"Msichana wangu," nikasema, "unaweza kutoka bila kuweka kitu?"

"Inauliza, Shosho. Inauliza kama nisevu."

"Kataa."

"Iko mbili. Ndiyo na hapana."

"Soma tena. Mara mbili. Halafu ukatae."

Alisoma kwa sauti, midomo yake ikicheza. Mama yake alikuwa ameacha sufuria ikichemka, yuko mlangoni. Kidole kikashuka. TV ikawa nyeusi tena, na mimi nikahesabu pumzi zangu, nikafika ya tano.

Orodha ikarudi. Herufi tano zilikuwa pale.

Watu wananiuliza kama mashine hizi za kuiga za zamani zinafaa pesa yake. Kama huna kaseti yako mwenyewe, chukua ile ndogo ya mlango wa kuchorwa, watoto watacheza vizuri tu. Mke wa kijana wangu bado anasema ng'ombe, na mimi simkatazi.

Jumapili ile mtoto alipanguza macho, akaniuliza kama anaweza kuanza mchezo wake. Nikamwonyesha nafasi ya pili. Akaandika jina lake, herufi moja moja, chini ya lile lingine.

"Yamefanana," mama yake akasema. "Sasa mtajuaje lipi ni la nani?"

"La juu haliguswi," nikamjibu, nikamwambia mtoto aanze.