Nakaa Eda ya Asiekuwa Mume Wangu, na Harusi ya Unguja Haingoji

(Mtumaji yupo Maskati. Jina tumelificha kama alivyoomba, maneno tumeyaacha kama alivyoyasema.)

...na sare ishashonwa, ipo kabatini, kila nikifungua inanitazama. Tiketi zishakatwa mbili, yangu na ya mwanangu wa kunisindikiza. Ubani nshafunga, halua nshaagiza, na kitambaa cha bi harusi nilikwenda mwenyewe kukichagua, muuzaji akachoka na mie. Kila kitu tayari, marehemu, baba wa wanangu, ndo akafa.

Mnisamehe, mie sijui kusoma, anaeniandikia ni jirani yangu hapa Khuwair ya Kusini, nimemuapisha. Umri wangu siujui hasa. Kwenye paspoti watu wa rika letu wametuandika sote tumezaliwa tarehe mosi mwezi wa kwanza, utasema mama zetu walikubaliana. Sabini nimepita, hiyo nnajua.

Harusi yenyewe ni ya mjukuu wa mdogo wangu, huko Unguja. Kapewa jina langu huyo bi harusi. Mie na mdogo wangu hatujaonana tangu nilipoolewa nikaletwa huku, na ndo ndugu pekee niliebakiwa nae. Anaumwa figo. Harusi kaiharakisha kusudi aione. Kila Ijumaa alikuwa ananipigia simu: "We ajuza, unakuja, au umenenepa ndege haikutaki?" Namwambia, "Wewe niwekee kiti kipana tu." Tunacheka mpaka anakohoa.

Sasa mwezi na nusu nimo ndani ya eda, na harusi bado wiki tatu. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, mnajua wenyewe. Mjane hasafiri, haendi harusini, udi hafukizi. Mwanangu ni mtu wa wizarani, kila kitu kwake kanuni. Kaniambia, "Mama, safari hiyo isahau. Tiketi nazirudisha." Hana kosa. Mwanamke aliefiwa na mumewe hatoki.

Lakini mie sikufiwa na mume. Hilo ndo lililonileta kwenu. Ngojeni, msinitukane.

Miaka ya tisini huko, ndo kwanza tumehamia nyumba hii. Siku hizo hapa nyuma palikuwa mchanga mtupu, mbuzi wanazurura, leo ukianika kanga ghorofa nzima inakuona. Basi ikaja khabari mama'angu kafa Unguja. Nikasema nakwenda matangani. Marehemu, mtoto wa ami yangu huyo, mtu mwema wallahi, lakini hasira! Akasema huendi. Nikasema mama'angu huyo, nakwenda hata kwa miguu. Tumo jikoni wawili tu, mie nakuna nazi. Akanipa talaka. Si moja ya kurejeana. Tatu, akazihesabu kwa vidole. Halafu akakaa chini sakafuni akalia kama mtoto.

Na wiki ile ile posa ya binti yetu ilishakuja. Watu wakisikia mama kaachika, posa inarudi ilikotoka. Akaniambia, "Nisitiri, binti ami." Nikamsitiri. Na matangani sikwenda vile vile.

Akahamia chumba cha majlisi, cha kupokelea wageni, watoto kawaambia mgongo unamuuma, anataka godoro gumu. Mie tangu siku ile sikukaa mbele yake bila ya mtandio, humu humu ndani. Watoto wakasema mama kashika dini! Nikampikia, nikamfulia, alipougua mwanawe ndo alimwosha, mie nasimama mlangoni na uji. Hata kidole hatukugusana. Binti akaolewa, tukasema tutasema akizaa. Akazaa, tukasema tutasema akizoea kwao. Miaka ishirini na kitu hiyo. Hata alipokufa, wanawake wakaniingiza chumbani, wakanivua bangili, "Mungu akupe subira, mjane wa watu," na mie kimya. Kimya! Ndo kosa langu hilo. Ningesema siku ile.

Mtaniambia nikamuulize shekhe. Shekhe wa msikiti wetu ndo mkwewe binti yangu! Nikifungua mdomo, watasema miaka yote ile nilikaa nyumba moja na mwanamme si mume wangu. Na marehemu watamsema, na hawezi kujibu. Na wanangu, macho yao nitayaweka wapi? Wanakuja watu mchana kutwa kunipa pole, nakunywa nao kahawa, nainamisha kichwa. Mungu ananiona. Namdanganya nani?

Juzi nikampa mdogo wangu jawabu: siji, nna eda. Akasema, "Haidhuru, dada. Ukimaliza eda njoo. Utawahi khitma yangu."

Hakucheka.

Nyie mnaosoma, wengine mna elimu ya dini, wengine mmeachwa, wengine mna mama kama mie. Niambieni basi, nimvue marehemu nguo mbele za watu nikamuone ndugu yangu angali hai? Au nimsitiri mpaka mwisho, mdogo wangu nimzike kwa simu? Msiniambie nivute subira, nimevuta nyingi. Na yule atakaesema kwa nini sikusema mapema, basi na yeye aje akae hapa nilipo—

"Mama!"

Binti yangu huyo, yupo ukumbini.

"Mama, simu! Mama mdogo, Unguja. Anasema eda kaisikia, lakini anauliza tena, akungoje wewe umsinge bi harusi kwa liwa na manukato, au ampe mtu mwengine? Njoo umwambie mwenyewe, mie siwezi."

Naja, mwanangu. Mwambie asikate, naja.

Shoga, wapelekee hivyo hivyo yalivyo. Nishike mkono niinuke.