Pasi Ilipogeuka Basi

Jumamosi nilikuwa nikiuza chai kando ya uwanja wa chuo kimoja hapa Garissa nilipomsikia kocha, mwalimu wa kutoka bara, akimwambia beki wake, "Leo unacheza winga. Ukishindwa, nafasi yako kwenye timu nampa mwingine."

"Mwalimu, winga siijui," msichana alisema, akibana hijabu yake.

"Jana ulimfukuza mbuzi hapa uwanjani. Nani alichoka kwanza?"

"Mbuzi."

"Haya, nenda."

Mechi ilikaribia kwisha bila bao. Alipopata mpira akatimka, wenzake wakamwita, "Basi, abaayo! Basi!" Abaayo ni dada, na walikuwa wanamwomba pasi, lakini kwetu Wasomali p hutoka mdomoni kama b. Mabeki wa timu ngeni, ambao ni wa bara, wakasikia basi, wakasimama wakimtazama refa. Msichana hakusimama, wala hiyo pasi hakuitoa. Alifunga.

"Lakini wamesema basi," beki mmoja akalalamika, mikono kiunoni.

"Firimbi yangu haijasema," refa akajibu.

Nilirukaruka mpaka birika langu likapinduka.

Baada ya mechi kocha akamwuliza msichana, "Jumamosi ijayo nikurudishe nyuma?"

"Nyuma basi, mwalimu," akasema, na safari hii hakuwa anaomba pasi.

Mimi niliambiwa shule basi nikiwa kidato cha pili, nikafunga vitabu. Tangu Jumamosi nimevifungua tena. Huenda nami nilisimama firimbi haijalia.