Lian Alipokatazwa Kumwona Mama Yake

Nilipokuwa na miaka kumi tulikaa ghorofa ya kumi na moja kule St. James Town, mtaa wa wahamiaji ughaibuni, na mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa familia ya Kichina. Binti yao, Lian, alikuwa na miaka tisa. Tofauti ya mwaka mmoja ndiyo iliyoamua mambo, maana kwa hesabu yao ya miaka yenye majina ya wanyama mimi nilizaliwa mwaka wa ng'ombe, naye mwaka wa simbamarara. Ng'ombe hana neno. Simbamarara hakaribii bibi harusi wala mtoto mchanga, atamdhuru.

Mama yake alipojifungua mvulana, baada ya mimba mbili kuharibika, alijifungia chumbani mwezi mzima kama desturi yao inavyotaka: haoshi nywele, hashiki maji baridi, hapigwi na upepo. Mama yangu, mtu wa Kigoma, hakuona ajabu. "Hata kwetu mzazi hukaa ndani," alisema. Lakini kwetu sikuwahi kuona dada wa mtoto akifungiwa nje. Mama Lian alimwambia binti yake kwa Kiingereza, makusudi, ili nami nisikie: "Ukimgusa, unakwenda Vancouver kwa shangazi yako. Sirudii."

Baba yake alishinda kazini, kwenye jiko la mgahawa. Kwa hiyo kila siku baada ya shule mimi ndiye niliyeingiza supu ya kuku na tangawizi. Lian aliipasha moto, akanikabidhi mlangoni, kisha akakaa sakafuni kunisubiri.

"Amesema nini?"

"Amesema chumvi haitoshi."

"Kuhusu mimi."

"Hajasema."

Siku nyingine nilimdanganya kwamba mama yake amemuulizia. Wiki ya tatu akaniambia, "Nataka kumwona mtoto, uso tu. Wewe unaruhusiwa, mlete."

"Na mama yako?"

"Si amelala? Au unaogopa, ng'ombe wewe?"

Nilikuwa na mafua siku hiyo, kamasi nafutia kwenye mkono wa sweta. Nilichungulia, mama yake alikuwa amefumba macho. Nikambeba mtoto, nikamtia Lian mikononi. Alimnusa utosi, akacheka bila sauti, akanirudishia. Hazikufika dakika mbili.

Kesho yake mtoto alichemka homa, akakataa ziwa, akakimbizwa hospitali. Alasiri Mama Lian alirudi kuchukua nguo, nywele zimemganda kichwani, akatusimamisha sote wawili kwenye korido.

"Nani alimshika?"

Sikufikiri hata kidogo. "Lian," nikasema.

Lian alinitazama. Nilingoja aseme ni nani aliyemtoa mtoto chumbani. Hakusema. Mama yake hakumpiga wala hakumpigia kelele. Aliingia ndani, akarudi na sanduku tupu, akamwambia apange nguo zake. Lian aliling'ang'ania koti la mama yake akilia, "Ma, Ma," na yule mama akambandua vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayebandua kitu kilichonata.

Jioni ile nilimwambia mama yangu ukweli wote, pamoja na mafua yangu. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kuna aliyekuona?"

"Hakuna."

"Basi funga mdomo. Mtoto akifa, watatafuta wa kumtwisha lawama."

Hakufa. Alipona siku mbili baada ya Lian kupanda ndege, na waliotaka ushahidi wakawa wameupata.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi niliuona uchungu huo ukimtetea mtoto mmoja na kumtupa mwingine. Sasa nina mabinti wawili, natoka kazini miguu imevimba, na zipo siku ninapomtafuta wa kulaumiwa kabla sijavua viatu. Homa huwezi kuifukuza. Mtoto unaweza.

Mwaka jana nilikutana na Mama Lian kwenye foleni ya duka la dawa, North York. Amezeeka, lakini alinitambua. Nilimweleza pale pale: mimi ndiye niliyemtoa mtoto, mimi ndiye niliyekuwa na mafua.

"Najua," alisema. "Sikuwa nimelala. Niliwaona."

"Mbona hukutuzuia?"

"Alikuwa mwanangu. Nikasema, acha amshike mara moja."

"Sasa kwa nini ulituuliza?"

Aliangalia dawa zake mkononi. "Nilitaka aseme mtu mwingine. Ningesemaje mimi niliyewaacha?"

Nikamuuliza kama Lian huja. Akasema hupiga simu mwaka mpya, huzungumza na mdogo wake, kisha hukata.

Nilikuwa nimebeba kosa hilo miaka yote nikidhani ni langu peke yangu, na sikupata nafuu niliyoitegemea. Kwenye korido ile tulisimama watatu, na sote watatu tuliujua ukweli. Wawili tulisema: mmoja akauliza, mmoja akataja jina. Aliyefungasha nguo ni yule aliyenyamaza.