Miaka Sita Bila Njaa

Xaveria, fundi cherehani wa huko Maisaka, alianza vile vidonge vya kuua hamu ya kula mwaka sabini na nane. Daktari mmoja Arusha alimwonea huruma: mwili mkubwa, magoti yamevimba, na riziki yake ni kukanyaga cherehani kutwa. "Miezi mitatu tu, mama," alimwambia. Haya, miezi mitatu ikawa miaka sita. Daktari alishahama, ila vidonge viliendelea kuja kwa mlango wa nyuma, pamoja na sabuni za magendo.

Na vilifanya kazi, tusidanganyane. Alipungua, magoti yakatulia. Magauni yake aliyabana mwenyewe, kitambaa cha ziada akakikunja ndani bila kukikata, maana fundi wa kweli hakati. Watu wakamsengenya kwamba Dominiko, mumewe, hampi chakula. Masikini Dominiko wa watu.

Unga ulipoadimika, watu wakipanga foleni tangu alfajiri kwa kilo mbili za yanga, ule unga wa njano, Xaveria hakusikia njaa. Sehemu yake aliwaachia watoto, yeye akanywa kikombe chake cha chai na kurudi kwenye cherehani. Alijiona mjanja kweli.

Kisha moyo ukaanza kumwenda mbio, usingizi ukampaa, mikono ikatetemeka hata kutunga uzi ikawa kazi. Mganga wa zahanati akamkazia macho. "Mama, ukiendelea na hivi vidonge, utawaachia wanao cherehani tu. Acha."

Aliogopa, nani asingeogopa? Akinenepa magoti yatagoma, na yakigoma nyumba nzima italala njaa. Hata hivyo alivitumbukiza vyote chooni, asije akashawishika.

Siku ya tatu njaa ilimrudia, ya miaka yote sita kwa mpigo. Jioni ugali ukatengwa, mdogo kama wa kila siku. Xaveria akanawa, akakaa, akanyoosha mkono. Mikono mingine yote ikasimama.

Romana, kitinda mimba wake wa miaka mitano, alikuwa hajawahi kumwona akila ugali tangu azaliwe. "Mama," akauliza, "kumbe na wewe unakula?"

Xaveria alishikwa na aibu hadi machozi, tonge mkononi. Romana akamsogezea bakuli la mboga. "Chovya hapa," akamwelekeza, kama anavyoelekezwa mgeni.

Magoti yalianza kuuma tena, ndiyo, na magauni akawa anayafumua inchi kwa inchi. Anakanyaga cherehani, anapumzika, anakanyaga tena. Lakini jioni hakuna anayemega kabla mama hajakaa. Romana ndiye anayewazuia.