Sjef, Mlango Mpya na Daftari la Mechi

Pale Baarle, mji uliokatwa na mpaka wa Ubelgiji na Uholanzi, hakuna mtu mwenye mwandiko mzuri kama Sjef Van Gestel, na sababu inajulikana: kazi yake ilikuwa kuchonga majina kwenye mawe ya makaburi. Miaka arobaini na mbili kafanya hiyo kazi. Ukifa Baarle, uwe upande wa Ubelgiji au upande wa Uholanzi, jina lako lilipita mkononi kwa Sjef, na herufi zikatoka zimesimama wima kama askari kwenye gwaride.

Ila watu hawakumjua kwa makaburi. Walimjua kwa daftari.

Daftari lenyewe linakaa baa kwa Irma, kwenye rafu juu ya mashine ya kahawa. Babu yake Irma ndiye aliyelianza. Humo ndani kuna kila mechi waliyowahi kucheza Ubelgiji na Uholanzi, kuanzia ile ya 1905 kule Antwerp, Wabelgiji wamepigwa nne moja nyumbani kwao, mabao yote manne katupia mtu mmoja. Zamani walikuwa wanakutana mara mbili kwa mwaka, kama ndugu wanaotembeleana sikukuu, kwa hiyo daftari limenenepa kwelikweli. Mechi zaidi ya mia na ishirini!

Na daftari lina sheria moja tu: aliyefungwa ndiye anaandika. Wewe uliyeshinda unakaa, unanyoosha miguu, waliofungwa wanakuletea bia, halafu unamtazama mwenzako anaandika kipigo chake kwa mkono wake mwenyewe. Ikiwa sare, kila upande unaandika namba yake. Ile ya tano tano ya 1999 waliandika wote wawili huku wanacheka mpaka wino ukamwagika.

Sasa nani anakaa upande gani? Mpaka wa nchi unapita katikati ya sakafu ya Irma, mstari mweupe, chini ya meza ya pool. Huku benchi la Ubelgiji, kule benchi la Uholanzi. Na Baarle nchi yako ni mlango wako wa mbele. Mlango ukiwa Ubelgiji, kodi unalipa Ubelgiji, taka zako zinabebwa na gari la Ubelgiji, na siku ya mechi makalio yako yanakaa benchi la Ubelgiji. Hata kama ulizaliwa kwingine. Hata kama moyo unakataa.

Sjef alishika kalamu ya Wabelgiji mwaka 1971, akiwa kijana wa miaka ishirini na minne. Kalamu ya Waholanzi alikuwa nayo Harrie Snoeys, fundi baiskeli, ambaye mwandiko wake ni kama kuku kakimbizwa kwenye matope. Na kwa kuwa Waholanzi wanashinda zaidi, Sjef aliandika zaidi. Mwaka 1973 Wabelgiji walifunga bao safi kabisa Amsterdam, mwamuzi akasema kaotea, mechi ikaisha bila kwa bila, wakakosa Kombe la Dunia na kwenye kundi zima hawakufungwa hata bao moja. Sjef aliandika sifuri yake kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Tundu lipo hadi leo.

Halafu kuna 1985, na hii ndiyo iliyokuja kumbana baadaye. Rafiki yake Fons Raeymaekers alikuwa kahamisha mlango wake upande wa Uholanzi, sababu ya mambo ya duka lake. Wiki ile ile ikawa mechi ya Rotterdam, ya kufuzu Kombe la Dunia la Mexico. Fons akaingia kwa Irma, moja kwa moja benchi la Wabelgiji.

"We, unakwenda wapi?" Sjef akamuuliza.

"Kukaa. Kwani vipi?"

"Mlango wako uko wapi?"

"Sjef, acha utani. Mimi Mbelgiji, unanijua."

"Nakujua sana. Mlango wako uko wapi?"

Fons akahamia kule. Wabelgiji wakafungwa mbili moja, lakini wakafuzu kwa lile bao la ugenini, la kichwa, la dakika za mwisho. Ndiyo mara pekee Sjef aliandika kipigo huku anacheka. Na Fons kakaa katikati ya Waholanzi waliovimba, machozi ya furaha yanamtoka, haruhusiwi hata kupiga makofi. Hawakusemeshana mwaka mzima. Baadaye walipatana, na Fons alipofariki Sjef ndiye aliyemchongea jiwe, tena bure.

Sasa twende 2022. Mwezi wa sita Waholanzi wanakwenda Brussels, wanapiga nne moja. Sjef kaandika.

"Nne moja kama 1905," Harrie akasema akiwa na bia yake. "Miaka mia na kumi na saba hamjajifunza kitu!"

"Kunywa, unyamaze."

Mwezi uliofuata Sjef akateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Wiki saba kalazwa, kafanyishwa mazoezi, kafundishwa kutembea na kigari cha kusukuma. Binti yake Hilde akawaza: baba atarudi vipi nyumbani, mlango wa mbele una ngazi tatu za mawe na ni mwembamba, kigari hakipiti? Mume wa Hilde, Gijs, ni fundi ujenzi. Akasema niachieni mimi.

Na Gijs hakufanya mchezo. Alivunja ukuta wa pembeni, akaweka mlango mpana, akamwaga mteremko mzuri wa zege wenye vyuma vya kushikia. Akahamisha kengele. Akahamisha kibao cha namba. Akahamisha hata sanduku la barua, ili mzee asihangaike. Kwenye mlango wa zamani akasukumia kabati.

Mstari aliuangalia, tusimwonee. Mtu wa Baarle hajengi hata banda la sungura bila kuangalia chini kwanza. Ile misalaba myeupe ya mpaka kwenye matofali ya uani ilionyesha mlango uko Ubelgiji, tena umebakiza hatua nzima. Shida ni kwamba miaka miwili nyuma bomba la maji machafu liliziba pale pale, matofali yakang'olewa, kisha yakarudishwa. Na aliyeyarudisha ni Gijs. Ile misalaba aliipanga kwa kukisia.

Sjef karudi nyumbani, kapanda mteremko, kafurahi. Siku tisa baadaye ikaja barua kutoka manispaa ya upande wa pili. Hilde akaisoma mezani.

"'Mpendwa mkazi mpya, karibu Uholanzi...'"

"Soma tena," Sjef akasema.

"'Karibu Uholanzi. Baada ya vipimo vya...' Baba, wamepima. Mlango mpya uko kwao."

Sjef akaweka kijiko chini. Gijs akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Baba mkwe, niliangalia misalaba, naapa."

"Misalaba aliipanga nani?"

Gijs akageuka kutazama dirisha.

Kodi haikumsumbua Sjef. Wala gari la taka. Kilichomsumbua ni kwamba mechi ya marudiano kule Amsterdam ilikuwa imebaki wiki mbili, na miaka hamsini na moja hakuna mtu mwingine aliyeshika ile kalamu.

Harrie alipata habari kabla supu haijapoa. Akaja na baiskeli yake mpaka chini ya mteremko.

"Mwananchi mwenzangu!" akapaza sauti. "Nikuletee skafu yetu ya rangi ya chungwa?"

"Ondoka kwenye zege langu."

"Zege la Ufalme wa Uholanzi hili, mzee." Halafu akashusha sauti. "Sikia, Sjef. Tuachane na utani. Kaa benchi lako tu. Mtu mgonjwa, nani atasema?"

"Fons je?"

"Fons amekufa."

"Ndiyo maana hawezi kunisamehe leo," Sjef akasema, akafunga mlango.

Ila njia ilikuwepo. Manispaa walisema watamtuma mtu Ijumaa, siku mbili kabla ya mechi, aangalie mlango gani hasa ndio wa mbele. Mlango wa zamani bado upo. Basi Gijs akaondoa kabati, akarudisha kengele, akarudisha kibao cha namba kwenye ngazi tatu. Kilichobaki ni mzee mwenyewe kuzipanda.

Akaanza mazoezi. Siku ya kwanza ngazi moja, akarudi chini anatetemeka. Siku ya nne ngazi mbili. Hilde alikuwa anasimama nyuma yake mikono imetanuliwa kama golikipa.

"Baba, unajiua kwa ajili ya benchi."

"Siyo benchi."

"Ni nini basi?"

Sjef akafikiria kidogo, kashika ukuta. "Mimi nisipoandika, ataandika nani? Irma? Umeona mwandiko wa Irma kwenye bei za chipsi?"

Siku ya kumi akafika juu. Akakaa kwenye kiti cha korido dakika ishirini, jasho linamtoka, anatabasamu.

Ijumaa mama wa manispaa akafika, mama mpole mwenye kishikwambi na mita ya kupimia. Nusu ya baa kwa Irma ilikuwa barabarani, pande zote mbili za mstari. Gijs kavaa shati safi. Sjef akaacha kigari, akachukua fimbo, akaanza. Ngazi ya kwanza. Ya pili, akapumzika, mtu fulani upande wa Uholanzi akasema "twende, mzee," akakanyagwa mguu na mkewe. Ya tatu. Akashika kitasa, akafungua, akaingia. Watu wakapiga makofi, Harrie zaidi ya wote.

Mama wa manispaa naye akatabasamu. Akaandika kitu, akauliza kwa upole:

"Bwana Van Gestel, hongera sana. Swali moja tu la fomu. Huu ndio mlango unaoutumia kila siku?"

Hilde akamtazama baba yake. Gijs akawa anatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, ndiyo. Neno moja tu, na kila mtu pale barabarani angeapa nalo.

Sjef akapumua. Alimtazama yule mama, akatazama zile ngazi.

"Hapana," akasema. "Huu nimeupanda leo. Kila siku napita ule mwingine."

"Basi itabidi niandike hivyo."

"Andika. Na usikate herufi, Gestel ina e mbili."

Jumapili Sjef aliingia kwa Irma na kigari chake, akapita mbele ya benchi la Wabelgiji bila kusimama, akavuka mstari, akakaa upande wa Waholanzi. Walimwachia nafasi pembeni ya Harrie. Hakuna aliyetania. Harrie alijaribu kukaza mdomo, akashindwa.

"Miaka hamsini nimekutazama uso kwa uso," akasema. "Sikujua ukikaa karibu unanuka dawa ya misuli namna hii."

"Na wewe mafuta ya mnyororo. Tazama mpira."

Mechi ilikuwa ngumu, haina mbwembwe. Kipindi cha pili, kona ya Waholanzi, mpira ukapigwa juu, kichwa, ndani. Benchi zima likaruka, Sjef katikati yao kakaa kama jiwe lake mwenyewe. Moja bila. Ikaisha hivyo hivyo.

Irma akashusha daftari, akashika kalamu ya Wabelgiji. Sjef alijizuia mpaka herufi ya tatu.

"Irma, anzia kushoto! Acha nafasi ya tarehe! Mungu wangu, anapandisha mlima..."

"Mshindi haelekezi," Harrie akasema. "Mshindi anakunywa."

Wakaletewa bia. Waliozileta ni watu wa benchi lake, wale wale, mmoja akampigapiga begani. Sjef akanywa kidogo. Kweli ilikuwa baridi na nzuri, na hilo lilimuudhi.

Harrie alikuwa anamtazama Irma anavyohangaika na sifuri. Akajikuna shingo.

"Sjef. Wewe sasa ni wa benchi hili, si ndiyo?"

"Mlango wangu uko huku. Ndiyo."

"Na mwandiko wangu unajulikana."

"Mpaka kuku wanaujua. Ile moja bila tuliyowapiga Marekani, 1994, moja uliyoandika wewe inafanana na saba."

"Ndiyo nasema. Mimi macho yamechoka, mkono unatetemeka. Sasa siku Wabelgiji wakitufunga sisi, upande huu ataandika nani?"

Sjef akabaki na glasi hewani. Miaka hamsini na moja alikuwa kaandika vipigo tu na namba za sare. Kila ushindi wa Ubelgiji kwenye lile daftari, kila mmoja tangu 1971, ulikuwa umekwanguliwa na Harrie. Hata mmoja hakuwahi kuugusa.

Akaweka glasi mezani taratibu.

"Nipe kalamu," akasema.

"Tumeshinda leo, mzee. Hamna cha kuandika."

"Najua. Nipe tu nikae nayo."

Harrie akaitoa mfukoni, akaifuta mafuta kwenye suruali, akampa.